Acheni Watoto Wacheze Maji ya Sikukuu

Asubuhi ya Idi hapa Kasongo, na asubuhi ya Noeli vilevile, amri ya kwanza anayopewa mtoto wa miaka mitatu ni hii: toka kwenye maji. Ameshaogeshwa, ameshapakwa mafuta, amevalishwa nguo mpya na kukalishwa mkekani kama mgeni. Akinyoosha tu mkono kuelekea beseni lililoko uani, sauti tatu zinampigia kelele kwa pamoja: ya mama, ya shangazi, na ya jirani aliyekuwa anapita njia. Utashikwa na homa! Mtoto anarudishwa mkekani, na watu wazima wanaendelea na sikukuu yao.

Naipinga amri hiyo. Imani inayoibeba si ya kweli, na inawadhuru watoto walewale tunaotaka kuwakinga.

Homa inayojaza vitanda vya vituo vya afya kutoka Kasongo hadi Wamaza na Kabambare, mara nyingi ni malaria. Malaria huletwa na kimelea, na kimelea hicho hubebwa na mbu. Jambo hili limejulikana tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipokiona kimelea hicho ndani ya tumbo la mbu kule India. Ngozi iliyolowa haiingizi malaria mwilini. Hata hivyo simlaumu mama anayeamini kinyume, kwa maana macho yake yameona jambo la kweli akalipa sababu isiyo yake. Noeli yetu huangukia katikati ya masika. Mvua inajaza madimbwi, madimbwi yanazaa mbu, na mtoto aliyecheza maji jana anaamka leo mwili ukiwaka moto. Lakini mbu aliyemwambukiza alimuuma wiki moja au zaidi kabla ya hapo, usiku, pengine akiwa amelala nje ya chandarua. Beseni la jana halihusiki. Tena mayai ya mbu yanahitaji siku saba au zaidi ndani ya maji yaliyotulia ndipo yatoe mbu anayeruka. Maji yanayomwagwa baada ya saa moja hayamzai hata mmoja.

Mafua na kikohozi nayo mara nyingi huletwa na virusi, na virusi hutoka kwa watu. Siku ya sikukuu mtoto anabebwa na wageni ishirini, na mmoja kati yao anapiga chafya usoni pake. Hatumzuii mgeni. Tunazuia maji! Kama tunaogopa baridi, dawa yake tunayo: mtoto acheze mchana jua likiwa kali, avuliwe nguo, kisha afutwe vizuri kwa kikwembe kikavu. Kasongo iko karibu na ikweta, na saa sita mchana hapa si saa ya kutetemeka.

Mji huu wenyewe unapaswa kuwa wa mwisho kukisia kuhusu maradhi ya watoto. Katika miaka ya 1970 madaktari na wauguzi wa Mradi wa Kasongo, wakishirikiana na Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerp, waliwafuatilia watoto wa miezi 7 hadi 35 ili kujua kama chanjo ya surua kweli inabadili idadi ya wanaobaki hai. Matokeo yao yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1981, na yakajadiliwa na wataalamu wa nchi nyingi. Waliuliza swali, wakahesabu, ndipo wakasema. Sisi tunaoishi juu ya ardhi hiyohiyo tunatosheka na kusikia kutoka kwa jirani.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kukataza hakumwondolei mtoto hamu ya maji. Anachokosa uani anakifuata nyuma ya nyumba, na huko hakuna mtu mzima. Anakifuata mtaroni, ambako mvua imekusanya uchafu wa mtaa mzima, na hapo ndipo kipindupindu humngojea mtoto anayepeleka vidole mdomoni. Akiwa mkubwa kidogo anawafuata kaka zake mtoni, na jimbo letu la Maniema ni nchi ya bilharzia, yaani kichocho. Kichocho huingia kupitia ngozi kwa yeyote anayekaa majini palipo na konokono wake. Kule Salamabila na Namoya, ambako dhahabu inachimbwa, mashimo yaliyoachwa hujaa maji ya mvua, na hakuna mama anayejua kina chake. Kila mtu anayajua maji hayo, na kila mtu anayaogopa. Lakini fimbo yetu inamfukuza mtoto kutoka kwenye lita tano za maji safi zilizo mbele ya macho yetu, inamsukuma kuelekea huko.

Hatari moja ya beseni ni ya kweli, na siifichi. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha vidole vichache, kimyakimya, bila kupiga kelele. Kwa hiyo mtu mzima akae karibu kiasi cha kuweza kumgusa, asimwachie dada wa miaka sita kazi hiyo, asiingie jikoni hata kidogo. Mchezo ukiisha, beseni limwagwe papo hapo na kufunikwa. Sheria hiyo ni ngumu kuliko kupiga kelele kutoka barazani, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu tunapenda zaidi kupiga kelele.

Wapo wanaosema: maji ni shida, utayachezeaje? Hoja hii naiheshimu, maana najua chemchemi zetu ziko mbali na vilima ni vikali. Lakini tuitazame vizuri. Bidoni ya lita ishirini ina uzito wa kilo ishirini, na anayeibeba mara nyingi ni msichana ambaye hajamaliza shule ya msingi. Mtoto wa miaka sita naye ana kibidoni chake. Maji ya kubeba yanamfaa mtoto, maji ya kugusa kwa furaha yanaitwa hasara. Kabla hajajua kwamba maji yanafanya vitu vielee, yanamwagika, yanapita kwenye tundu na kukataa kukaa mkononi, ameshajua kwamba yanaumiza shingo. Na lita tano za mchezo hazipotei. Zinaosha miguu, zinafulia matambara, zinamwagiliwa kwenye lengalenga. Wakati wa Noeli hata chemchemi haihitajiki kwa mchezo huu: bati likishasafishwa na mvua ya kwanza, sufuria chini ya ukingo wake inajaa kabla ugali haujaiva.

Mtoto anafanya nini pale? Anafanya kazi. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, aliwaonyesha watoto maji yakimiminwa kutoka chombo kipana kwenda chombo chembamba na kirefu. Wadogo walishikilia kwamba sasa maji yameongezeka. Mara nyingi ni karibu na miaka saba ndipo mtoto anapokuwa na hakika kwamba ni yaleyale. Hakika hiyo haipatikani kwa kuambiwa. Mikono inayomimina kutoka kikombe kwenda kibuyu, kutoka kibuyu kwenda chupa, inaitafuta kila siku. Tangu 2019 serikali imefuta karo ya shule ya msingi ya umma, lakini materneli haikuingia humo, na watoto wengi wa miaka mitatu hadi mitano wako nyumbani. Kwao ua ndio darasa la pekee walilonalo, nasi tunalifunga siku ambayo kila mtu mzima yupo nyumbani kuweza kufundisha.

Na msiniambie mchezo huu ni wa Wazungu, unahitaji vyombo vya plastiki vya kununua. Chemsha ngai-ngai nyekundu, iache ipoe, mimina katika beseni: hayo ni maji ya sikukuu. Mtu mzima akikamua ndimu kando, rangi inang'aa mbele ya macho ya watoto. Tia majani ya mchaichai, wanuse. Kata mwezi mwandamo na nyota kutoka kwenye kibuyu kilichovunjika, vielee siku ya Idi. Tengeneza mitumbwi kwa maganda ya mgomba, mtoto aisafirishe kutoka Nyangwe hadi Kasongo Tongoni, na bibi amsimulie ni mito gani huingia Lualaba. Mto Luama atakuwa ameuvuka mara kumi kabla ya chakula. Vitu vidogo vya kumkaba, kama mbegu na maharagwe, visiwekwe.

Dini zetu zote mbili zinaingia kwenye furaha kupitia maji. Muislamu huoga kabla ya sala ya Idi, na Mkristo alianza safari yake kwenye ubatizo. Sioni kwa nini mwenye umri mdogo kuliko wote nyumbani awe ndiye pekee anayekatazwa kuyagusa.

Nawaomba walimu wa materneli, masista na maustadhi waweke mabeseni uwanjani juma linalotangulia sikukuu, wawaite wazazi wasimame pembeni, watazame kwa nusu saa bila kusema kitu. Nawaomba wauguzi wanaopima watoto uzito kila mwezi wawaambie akina mama waziwazi kwamba maji safi ya beseni hayaleti malaria, na kwamba chandarua kinachotundikwa usiku ndicho kinachoizuia. Na anayesikitikia nguo mpya, amvue mtoto kwanza. Atamvalisha saa nane, kabla wageni hawajafika.