Mti wa Birere uwe na mlinzi

Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya katikati ya mji wa Goma, ikazika hata udongo. Kupanda mti juu ya mwamba huo ni kupasua jiwe, kujaza udongo wa kuletwa na kungoja miaka. Ndiyo maana mti mkubwa katika mtaa wa Birere, mjini humo, haupaswi kukatwa kwa uamuzi wa mtu mmoja mwenye panga.

Wapo wanaosema Birere imebanana mno na kibanda kinaleta pesa kuliko kivuli. Lakini tazama mama muuza nyanya karibu na kivuko cha mpakani cha Petite Barrière: saa saba mchana beseni lililo juani linaanza kulainika, la kivulini linafika jioni. Hoja ya wanaokata miti kwa kuni na makaa ni nzito zaidi, maana familia lazima ipike. Hata hivyo, shina moja linaisha jikoni upesi. Matawi yanayopunguzwa kwa utaratibu yanatoa kuni kila mwaka. Yeyote anayeshika ofisi ya meya aanze kwa kuhesabu miti, aipige namba kwa rangi, na kila mkuu wa avenue awe na daftari lake. Asiyepewa kibali asikate, na anayekata apande miwili, aimwagilie hadi ishike.