Siku Sita Vamizi kwa Mfuko Mdogo

Juma lililopita nilipokea barua ya koplo mmoja aliyeko kambini huko kusini, ambaye jina lake nalihifadhi. Ameoa mwaka jana, likizo yake inakaribia, na mkewe amepata kuiona picha ya kisiwa kimoja cha Pasifiki: mchanga mweupe, minazi iliyoinamia maji, na mume na mke waliobeba virago vyao mgongoni. Bibi huyo angependa apate japo siku chache za namna hiyo kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa. Koplo anauliza: Pasifiki ni mbali, lakini Vamizi si iko ng'ambo tu ya Ruvuma? Je, mshahara wake utawafikisha?

Swali hili limenigusa kuliko anavyodhani mwandishi wake, kwa kuwa mimi na mama watoto tulikwenda Vamizi Desemba ya mwaka 2011, na mfuko wetu haukuwa mnene kuliko wake.

Vamizi ni kisiwa chembamba cha matumbawe, urefu wake yapata kilomita 12, nacho ni miongoni mwa visiwa vya Kirimba vilivyojipanga mbele ya pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji. Wakati ule ilikuwapo hoteli ya matajiri, ambamo mtu mmoja alilipa mamia ya dola kwa usiku mmoja. Sisi hatukuiona ila kwa mbali. Tuliondoka Mtwara alfajiri, tukavuka Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo, tukagongewa muhuri pasi zetu, tukapanda nyuma ya gari la mizigo hadi Palma juu ya magunia ya unga. Huko tulipatana na nahodha wa mashua ya wavuvi, na kwa kuwa kaskazi ilikuwa imekwisha kuanza, tulikwenda na upepo mgongoni.

Virago vyetu vilikuwa hivi: mkeka, chandarua, sufuria moja, mchele kilo 5, sukari, majani ya chai, chumvi, viberiti vilivyofungwa ndani ya nailoni, dawa za malaria, na dumu la maji la lita 20. Dumu hilo tuligombana juu yake. Mimi nililiona mzigo wa bure. Mama watoto, ambaye ni mzaliwa wa kisiwani, alisema kwamba hapandi mashua bila dumu. Nilikuja kumwomba radhi siku ya pili. Kisiwa cha matumbawe hakina mto wala kijito. Mvua huzama katika mwamba, na maji ya kisima huwa na chumvi, hasa mwishoni mwa kiangazi. Mgeni anayechota ndoo mbili za kuogea huenda akawa amechota maji ya kunywa ya nyumba nzima.

Tuliposhuka tulikwenda kwanza kwa katibu wa kijiji, tukajieleza. Naye akatupeleka kwa mama mmoja mjane, aliyetupa chumba cha udongo na makuti na kukataa kutaja kodi. Alisema Kimwani, sisi Kiswahili. Ni lugha ndugu, lakini ndugu waliokulia nyumba mbalimbali, na yale tusiyosikilizana tuliyamaliza kwa mikono na kicheko. Mama watoto alimpa doti ya kanga. Kesho yake maji yalipotoka alimchukua kwenda mwambani kutafuta pweza, akampaka usoni ule unga mweupe wa musiro usagwao juu ya jiwe. Picha ya siku ile ingali ukutani kwetu.

Koplo ataka kujua kama uzuri wenyewe ni wa kweli. Ni wa kweli. Mchanga ule mweupe, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya samaki: pono huguguna matumbawe kwa meno yake na kuyatoa yakiwa unga. Kasa hupanda ufukweni usiku kutaga mayai. Tulimwona mmoja, tukaketi mbali bila taa, maana akishtuka hurudi majini asitage. Yuko pia yule kaa mkubwa apandaye minazi, awezaye kufikia uzito wa kilo 4, ambaye makao yake huanzia pwani yetu hii na kwenda hadi huko huko Pasifiki alikokuona bibi katika picha. Mama watoto alipomkuta mlangoni usiku alipiga kelele iliyoamsha mtaa.

Tulikuwa tumepanga siku nne, zikawa sita. Upepo uliotupeleka ndio uliotuzuia kurudi. Hilo nililijua, maana nimekulia pwani, lakini sikulitia katika hesabu. Mchele ukaisha, fedha tulizotenga zikaisha, na kwa siku mbili tulikula muhogo na samaki wa yule mama, ambaye naye hakuwa na kitu. Tulipopata chombo, mama watoto alimwachia sufuria, chandarua na lile dumu. Tuliahidi kurudi.

Hatukurudi. Oktoba 2017 ghasia za silaha zilianza Mocímboa da Praia. Septemba 2020 washambuliaji walifika Vamizi kwenyewe; nyumba zikachomwa moto na wenyeji wakaamriwa waondoke. Oktoba ya mwaka huo majahazi yaliyojaa wakimbizi yalishusha watu kwa maelfu katika ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba. Machi 2021 Palma, mji ule tulioshukia, ulishambuliwa nao. Mnajua wenyewe, ndugu wasomaji, yaliyofuata, kwani baadhi yenu mlitumwa huko na jeshi la SADC kati ya 2021 na 2024, na baadhi ya jamaa zenu mliwasubiri nyumbani. Jimbo lile halijatulia. Katika picha za magazeti mama watoto amekuwa akitazama nyuso za wanawake wa Pemba moja moja. Hajamwona.

Kwa hiyo, Koplo, usimpeleke mkeo Vamizi. Licha ya hatari, askari aliye kazini havuki mpaka bila kibali cha mkuu wake, na kibali hicho sidhani utakipata, wala usikiombe ukamtia mkuu wako mashakani.

Mpeleke Mafia. Pandeni basi hadi Nyamisati, kisha kivuko hadi Kilindoni. Laleni katika nyumba ya wageni hapo hapo mjini, maana ukishapita lango la hifadhi ya bahari kwenye njia ya Utende utalipa ada ya kila siku. Lilipieni siku moja tu, mvuke kwa mashua hadi Chole mkaone magofu na popo wakubwa wanaoning'inia mchana kutwa. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe huja karibu na Kilindoni, nao hawali ila vidagaa na viumbe vidogo vya majini. Kwa kuwa bibi ni mjamzito, atosheke kuwatazama kutoka chomboni, na kabla ya safari amwone mkunga wa kliniki yake. Pungeni gharama kwa kununua samaki jioni, wavuvi warudipo. Wekeni akiba ya siku mbili mahali msipoweza kuigusa, maana bahari ya huko nayo hufunga. Na mkeo akisema mchukue dumu, lichukue.