Hata ndugu anapiga hodi



Siku hizi kwenye semina za kujitegemea tunaambiwa hivi: msaada wa nchi tajiri unapungua, sasa nchi zinazoendelea zitasaidiana zenyewe. Watakuja Wabrazil, Wahindi, Wachina, na matrekta, mbegu na mitaji. Hawa si wakoloni, ni wenzetu. Basi tupige makofi.

Siye tunasema, pole pole. Kusaidiana ni kuzuri. Lakini mtu kuwa ndugu yako hakumpi ruhusa ya kuingia shambani kwako bila hodi. Na ushahidi hatuendi kuutafuta mbali, uko hapa hapa tunapoishi.

Kambi yetu ya Maratane iko kwenye Ukanda wa Nacala, kule reli inakopita kutoka Malawi kwenda bandarini. Septemba 2009 Msumbiji, Brazil na Japan zilitia saini mradi wa ProSAVANA. Japan ni tajiri, tunajua, lakini undugu ulibebwa na Brazil. Mpango uligusa wilaya 19 za mikoa ya Nampula, Niassa na Zambézia. Mfano wake ulikuwa Cerrado, nyika ya Brazil ambayo tangu miaka ya 1970 Brazil na Japan waliigeuza kuwa mashamba makubwa ya soya. Wakasema Cerrado na Nacala ziko latitudo moja, kwa hiyo kilichoota kule kitaota huku.

Sawa, latitudo waliiona. Watu je? Ukanda huu umejaa wakulima wadogo. Wanalima mihogo, mahindi, kunde na karanga kwa jembe la mkono. Shamba lenye magugu mwaka huu linapumzishwa, lina mwenyewe. Ukiliangalia kwenye ramani utasema ni pori tupu. Mwaka 2011 gazeti la Brazil, Folha de S.Paulo, liliripoti kwamba Msumbiji inawapa wakulima wa soya wa Brazil hekta milioni 6. Jamani, milioni 6! Nani aliulizwa?

Wakulima wenyewe hawakunyamaza. Oktoba 2012 umoja wao wa kitaifa, UNAC, ulikutana Nampula na kuukataa mradi. Mei 2013 wakawaandikia barua ya wazi marais wa Msumbiji na Brazil pamoja na waziri mkuu wa Japan. 2014 ikaanza kampeni ya Hapana kwa ProSAVANA. Rasimu ya mpango ililetwa kwa wananchi 2015, miaka 6 baada ya saini. Mwaka 2020 mradi ukafungwa.

Na msidhani sheria haikuwepo. Sheria ya ardhi ya 1997 inasema ardhi ni ya serikali, ila familia inayoikalia kwa mila, au mwananchi aliyeitumia kwa nia njema miaka 10, ana haki ya kuitumia hata kama hana karatasi. Mwekezaji lazima kwanza aongee na jamii. Kupiga hodi ni sheria, si hisani.

Kuna watakaosema tunapinga maendeleo wakati watu wana njaa. Njaa tunaijua kuliko wao, rasheni ikikatwa haikatwi mezani kwao. Tena angalieni: Brazil hiyo hiyo, mwaka 2012, pamoja na FAO na WFP, ilianzisha PAA Africa hapa Msumbiji, Malawi na nchi nyingine tatu. Chakula kilinunuliwa kwa mkulima mdogo, watoto wakala shuleni. Bendera ni moja, ila huyu alianzia kwenye gunia la mkulima, yule alianzia kwenye ramani. Kwa hiyo msituambie tu nani analeta msaada. Tuambieni anaanzia wapi.

Sisi wakimbizi inatuhusu vipi? Wengi wetu tuliacha mashamba Kivu na Burundi, tunajua uchungu wa kuona mtu mwingine akivuna ulipopanda. Hapa tunalima juu ya ardhi ya majirani zetu Wamakua. Mradi ukija ukatukatia vipande kwenye ardhi ambayo jirani hakuulizwa, mwenye mtaji atapanda ndege aende. Hasira itabaki na siye, sokoni, kisimani, shuleni kwa wadogo zetu.

Ndiyo maana tunawaomba wafanyakazi wa mashirika: kabla ya kutuandikisha kwenye mradi wowote wa kilimo, uwe wa Kaskazini au wa Kusini, mtujibu maswali matatu. Shamba hili nani alikuwa analilima? Aliulizwa kwa lugha yake, kabla ya saini au baada? Mazao yatauzwa wapi, na bei atapanga nani? Kama majibu hayapo, semina isubiri.

Na nyinyi vijana wenzetu wa Dzaleka, Nakivale, Nyarugusu na Kakuma, msione haya kuuliza mbele ya mgeni. Andikeni majibu, kisha muwapelekee majirani wenye ardhi wayasikie. Wao wakisema karibu, na sisi tutashika jembe.