Karani Asiyecheka na Deni Letu Kwake

Katika vichekesho vyetu, mtu asiyecheka huwa hana maisha marefu. Huingia jukwaani tai imemkaba shingo, huteleza, hadhira huangua kicheko, na habari yake huishia hapo. Naona huo ni uvivu wa kiutunzi. Nitamtetea mtu huyu kwa kumtazama karani mmoja wa benki ambaye mwandishi wake hakumtupa kirahisi hivyo.

Karani huyo ni Mavolio Bent, keshia mkuu katika riwaya ya Making Money ya Mwingereza Terry Pratchett, iliyotoka mwaka 2007. Ni mojawapo ya riwaya 41 za Discworld, ulimwengu bapa uliobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya mgongo wa kobe. Katika ulimwengu huo wa wachawi na majitu, Bent anahesabu. Hana mzaha wala hautafuti. Kwake fedha ni dhahabu; noti za karatasi anazotaka kuzitoa Moist von Lipwig, tapeli wa zamani aliyekabidhiwa kuiendesha benki, ni kufuru. Tena mwenyekiti wa benki hiyo ni mbwa mdogo, kwa kuwa bibi mwenye hisa alimrithisha mbwa wake zile hisa. Kwa mtu wa kanuni, hati ikishasema mwenyekiti ni mbwa, basi mwenyekiti ni mbwa.

Mbwa kuwa mwenyekiti ni jambo la kuchekesha kwa sentensi moja. Ili kicheko kidumu kitabu kizima, lazima awepo mtu asiyeona kinachochekesha. Wapenzi wa lugha wanaweza kulijaribu hili kwa Kiswahili. Mteja anaingia benki na kulalamika kwamba fedha zake zimeota mbawa. Karani anafungua leja na kuandika kwa mwandiko safi: “Sababu ya upungufu: mbawa.” Mteja wa pili anaeleza kwamba babu yake amekula chumvi nyingi, karani anauliza ni kilo ngapi. Tumezizoea nahau zetu hata hatuzioni tena. Asiye na mzaha huzichukua neno kwa neno, na kwa kufanya hivyo huturudishia picha tuliyoisahau ndani ya maneno. Kazi hiyo ni ya kishairi, hata kama mwenyewe hajui.

Lakini Pratchett hakuishia kwenye ufundi huo. Aliuliza swali ambalo watunzi wengi hawaliulizi: kwa nini mtu huyu hacheki? Jibu lake linauma. Bent ana asili ya ukoo wa machale. Utotoni alipakwa rangi usoni, akaingizwa ulingoni, na kicheko cha umati kikamjeruhi. Akakimbilia kwenye tarakimu. Tunaelewa kwa nini: tarakimu hazimcheki mtu. Basi ukavu wake si upungufu wa utu. Ni ukuta uliojengwa na mtoto, ukabaki umesimama hadi utu uzima. Ndiyo maana siku anapokosea hesabu, ukuta wote unaporomoka.

Jina la Mavolio linamkumbusha msomaji Malvolio, msimamizi wa nyumba katika tamthilia ya Shakespeare, ambaye wenzake walimfanyia hila, wakamfungia gizani, naye akaondoka akiapa kulipiza kisasi. Wasomaji wa Kiswahili, kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, Mabepari wa Venisi, wanamkumbuka pia Shylock akitoka mahakamani huku akidhihakiwa. Hao wawili walifukuzwa na kicheko. Bent, kinyume chao, anarudi. Anaingia katika kikao cha kuchunguza upotevu wa dhahabu ya benki akiwa amevaa mavazi ya chale, na vitabu vyake vya hesabu vinasema kweli. Amekuwa chale bila kuacha kuwa karani. Mwandishi hakumponya kwa kumlazimisha acheke. Alimpa nafasi ya kukitawala kicheko kilichomtawala.

Ndugu washairi, nadhani mmeshaona ninakoelekea. Nasi tuna makarani wetu. Tangu Sheikh Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, wamekuwepo wanaopiga hesabu ya mizani kwa vidole, nane na nane, kumi na sita, na kuukataa mshororo uliopungukiwa. Na tangu Kichomi cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, wamekuwepo pia wanaowacheka. Watunzi huru wanasema thamani ya shairi haimo katika idadi ya mizani, kama vile Moist anavyosema thamani ya noti haimo katika dhahabu. Nakubaliana nao: noti husimama kwa imani ya watu, na shairi husimama kwa kumgusa msomaji.

Ila riwaya hiyo ina nusu ya pili ya hoja, ambayo wenye mzaha huisahau. Imani ya watu kwa karatasi hudumu ikiwa yupo mtu ndani ya benki asiyekubali tarakimu ya uongo. Tapeli mwenye kipaji, asipokuwa na karani wa kumkagua, hubaki tapeli. Vivyo hivyo, tungo huru zikikosa msomaji mkavu anayeuliza kwa nini mstari umekatwa hapa na neno hili linafanya kazi gani, zitakuwa noti zisizo na benki. Nimefundisha walimu kuhesabu mizani kwa miaka mingi, na sikuwahi kumwona mwanachuo aliyeharibiwa na hesabu hiyo. Niliowaona wakiharibika ni waliochekwa walipokuwa wakihesabu, wakaacha kutunga kabisa.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa waandishi wa vichekesho: mwandikeni karani wa Kiswahili, mwenye Kiswahili sanifu cha ofisini, na msimwangushe kabla hatujajua alikotoka. Kwa washairi wa pande zote mbili: atakapotokea mtu akasahihisha mizani yenu bila tabasamu, jibuni hoja yake. Mkimcheka, mtakuwa mmeshinda mjadala na kumpoteza mlinzi wa hazina.