Walikaidi

Neno lenyewe nililisikia kabla sijajua hesabu kamili ya miili. Ilikuwa Somanda, hapa Bariadi mjini, kwa mama ntilie ninakokunywa chai. Redio ilikuwa imetangaza kwamba watu wamefukiwa kwenye machimbo ya Ng'alita, kijiji cha Ikinabushu. Mzee mmoja aliweka kikombe chini akauliza, "Si walikatazwa hao?" Kijana wa bodaboda akamjibu, "Walikatazwa, mzee. Walikaidi." Mzee akatikisa kichwa, akamalizia na methali tunayoijua sote: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha watu wakarudi kwenye chapati zao.

Tangu siku ile nimelisikia neno hilo msibani, kwenye basi la Mwanza, hata nje ya kanisa. Nimefika mahali sitaki kulisikia tena, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza yanayojulikana. Usiku wa kuamkia Jumamosi, Januari 13, 2024, kundi la watu lilianza kuchimba dhahabu mahali palipokuwa pamezuiwa kwa sababu ya mvua kubwa. Dhahabu yenyewe ilikuwa imegundulika hapo wiki mbili au tatu tu nyuma. Ofisi ya madini ya mkoa ilikuwa imefika na kuwaambia wasubiri mpaka taratibu za usalama na mazingira zikamilike. Hawakusubiri. Ardhi ikaporomoka juu yao. Mkuu wa wilaya aliwaambia waandishi wa habari kwamba taarifa za kwanza zilitaja watu 19 hadi 20, lakini miili iliyotolewa ilikuwa 22. Umri wao, alisema, ulikuwa kati ya miaka 24 na 38. Rais alituma salamu za rambirambi.

Sisemi katazo lilikuwa baya. Lilikuwa sahihi, na aliyelitoa alijua anachokizungumza. Udongo ukinywa maji huwa mzito na hulegea kwa pamoja. Duara lisilo na matimba ya kushikilia kuta, lenye kifusi kilichorundikwa ukingoni, na ambalo chini limechimbwa kwa pembeni kufuata mawe yenye dhahabu, ni kaburi lililo wazi. Mvua ikinyesha hapo, kinachosubiriwa ni saa tu. Kila mchimbaji anajua hivyo, na waliokufa walijua. Kwa hiyo msinijibu kwamba natetea ukaidi.

Ninachokipinga ni kazi tunayolipa neno hilo. Mtu akisema "walikaidi", hakuna swali linalofuata. Hatuulizi tena nani alibaki kulinda eneo baada ya maofisa kuondoka. Hatuulizi waliambiwa wasubiri mpaka lini. Neno moja limekuwa jaji na kesi imefungwa, na mshtakiwa hana mdomo wa kujibu.

Halafu tazama tunavyojipinga wenyewe. Msibani mtu yuleyule anayesema walikaidi atasimama baada ya nusu saa, akohoe, aseme ajali haina kinga. Kama haina kinga, ukaidi wao ulikuwa na kosa gani? Na kama kinga ilikuwepo, ilikuwa mikononi mwa nani? Hatuwezi kuzishika zote mbili. Moja tunaitumia kuwalaumu maiti, nyingine kuwaondolea lawama walio hai.

Sasa irudie ile hesabu: 19, au 20, kisha 22. Wengi waliisoma wakapita. Mimi imenikaa. Maana yake ni kwamba ardhi ilipofunga, hakuna mtu juu yake aliyeweza kusema kwa uhakika wako wangapi chini. Hapakuwa na daftari, wala mtu wa kuandika jina lako unaposhuka na kulifuta unapotoka. Waokoaji walikuwa wakichimba bila kujua waache lini. Mama aliyekuwa na mtoto huko hakuwa na orodha ya kuangalia. Ilibidi asubiri kila mwili utolewe autazame uso.

Hili si jambo dogo katika nchi hii. Januari 2017, mgodi wa RZ kule Nyarugusu, Geita, ulifukia watu 15. Mgodi ulikuwa na mwenyewe, idadi ilijulikana, na baada ya siku tatu hivi wote 15 walitoka hai. Mwaka 2015 kule Nyangalata, Kahama, watu walikaa chini ya ardhi siku 41 wakila mizizi na mende, wakati juu walikwisha kuhesabiwa kuwa wamekufa; watano walitolewa wakiwa hai, ingawa mmoja alifariki baadaye. Kujua idadi na majina ya walioko chini ndiko kunakokuambia kama bado kuna mtu wa kutafutwa.

Waliosema walikaidi wanatumia tarehe ile kama ushahidi: mvua za El Niño, nchi nzima imeonywa, na Hanang wiki sita tu nyuma matope yameua watu zaidi ya 80. Mtu mwenye akili anashukaje? Basi mimi nami niisome hiyo tarehe. Januari katika Simiyu ni mwezi gani? Pamba imepandwa na bado iko shambani. Fedha yake haitaonekana mpaka msimu wa kununua ufunguliwe katikati ya mwaka, na wakulima wa hapa hawajasahau msimu wa 2019, walipokopwa pamba yao wakangoja malipo miezi na miezi. Mahindi ya ghalani yanakaribia kwisha. Mwaka ule shule zilifunguliwa Jumatatu ya tarehe 8 Januari. Ada imefutwa, lakini sare haijafutwa, wala daftari, viatu na michango ya chakula. Fikiria baba wa miaka 30 mwenye watoto wawili waliorudishwa nyumbani wiki hiyo. Ijumaa usiku, wiki ya kwanza ya shule inapoisha, anaambiwa kuna mawe yanayong'aa kilomita chache kutoka kwake, na kwamba asubiri. Asubiri mpaka lini? Hakuna aliyempa tarehe. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na wao hawakuwa wakimsifu mwenye njaa. Walikuwa wakimweleza.

Na dhahabu nayo haina macho. Ingetoka salama usiku ule, ingepata mnunuzi. Serikali imefungua masoko ya madini tangu 2019, na wakati ule kila gramu iliyouzwa huko ilikatwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ni jambo jema, ni fedha ya barabara na zahanati. Tunasimama majukwaani kuwasifu wachimbaji wadogo kwa mchango wao katika pato la taifa. Lakini mchimbaji huyohuyo akifukiwa kwenye rashi, hana mwajiri wa kudaiwa, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa wenye waajiri. Akiwa hai ni mdau wa sekta. Akifa ni mkaidi.

Kuna watu wengine duniani wanaoingia mahali pa hatari wakijua ni pa hatari, na nimewafikiria sana. Ni wale wanaofunga mbao ndefu miguuni na kuteleza juu ya theluji milimani, mbali na njia zilizokaguliwa. Theluji ikikatika juu ya mteremko hushuka kama ardhi ya Ng'alita ilivyoshuka, na hufukia watu kila mwaka. Wengi wao hawana njaa. Wamekwenda kufurahi, na hakuna dhambi katika kufurahi. Lakini ona wanavyohudumiwa. Kule Davos, Uswisi, kuna taasisi inayotangaza hatari ya theluji wakati wa baridi mara mbili kwa siku, kwa ngazi tano, mteremko upi na urefu upi. Wanaokwenda huvaa kifaa kinachotoa mawimbi ili wenzao wawapate wakifukiwa. Na huko Colorado, Marekani, mtu akifa katika maporomoko hayo, kituo cha serikali huenda mahali pale, hupima theluji, huandika kilichotokea hatua kwa hatua na kukitoa hadharani kila mtu asome. Huko pia wapo wanaosema "si walionywa?" Hawakosekani. Ila wakishasema, taarifa bado inaandikwa, na mtu mwingine anaisoma kabla ya kupanda mlima.

Mtu aliyekwenda kucheza anaandikiwa kurasa. Aliyekwenda kutafuta daftari la mtoto anaandikiwa neno moja.

Najua nitakachojibiwa. Ukiwaonea huruma, wengine watashuka. Ukaidi ukikosa jina, utazaa. Nimelipima jibu hilo, na naona matukio yanalikataa. Mwaka 1998 maji ya mvua yaliingia migodi ya Mererani yakaua makumi ya watu, tukasema. Mwaka 2008 yakaingia tena hukohuko, tukasema tena. Agosti 2025, mwaka mmoja na nusu baada ya Ng'alita, watu 25 walifukiwa Nyandolwa, Shinyanga, safari hiyo wakiwa kwenye mgodi wa kikundi, kazini. Kama lawama ingekuwa tiba, tungeshapona. Lawama haizuii duara kuporomoka. Matimba huzuia. Kuhamisha kifusi mbali na ukingo huzuia. Mtu mwenye daftari na mamlaka ya kusema "leo hakuna kushuka", na akabaki palepale mpaka alfajiri, huzuia.

Kwa hiyo nadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje. Eneo likizuiwa, lizuiwe na watu waliopo usiku na mchana, kwa sababu rashi hailali. Katazo litoke pamoja na tarehe ya kurudi kutoa jibu, hata kama jibu litakuwa bado. Kila rashi iwe na daftari la majina siku ya kwanza, kabla ya leseni na kabla ya mgao wa viroba. Kuandika jina la mtu si kumhalalisha, ni kukubali kwamba yupo. Na kila maafa ya namna hii taarifa yake isomwe kwenye mkutano wa kijiji kilichozika, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, wajane wakiwa viti vya mbele, na waruhusiwe kuuliza.

La mwisho haliihusu serikali. Linanihusu mimi na yule mzee na yule kijana wa bodaboda. Sisi ndio tunaokwenda kwenye matanga, tunaokaa chini ya turubai, tunaochangia rambirambi kwenye sahani. Pale ndani wamo watoto. Mtoto wa miaka saba husikia kila kitu kinachosemwa msibani, na atakikumbuka akiwa na miaka 24, umri wa mdogo kuliko wote katika wale 22. Akikua akijua baba yake alikuwa mkaidi, atakuwa amerithi aibu. Hatakuwa amejifunza lolote kuhusu udongo uliolowa maji.

Tumwambie ukweli wote. Baba yako alikatazwa, na katazo lilikuwa la haki. Alishuka kwa sababu ilikuwa Januari. Hapakuwa na mtu juu wa kumzuia, wala wa kuandika jina lake. Ukisikia udongo unadondoka, toka. Ukiona hakuna daftari, usishuke.

Juzi nilipita tena Somanda. Mzee alikuwepo, na mazungumzo yalikuwa ya Nyandolwa. Akaanza, "Si wali..." Nikamuuliza, "Mzee, unajua majina yao?" Akanyamaza, kisha akasema hapana, hata mmoja. Nikamwambia hata mimi.