Bukavu: banki imefungwa, mwanafunzi anapima amani ku giche

Tangu mwezi wa pili 2025 banki za Bukavu zilifunga milango, na mpaka mwisho wa mwaka ule zilikuwa hazijafungua. Wakaaji wamezoea, ao tuseme wamelazimishwa kuzoea. Lakini kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, ile milango njo habari ya kwanza ya siku, mbele ya Washington na mbele ya Doha. Ukitaka kujua namna kijana wa Karhale, Panzi ao Nguba anavyopokea makubaliano ya amani, usianzie ku maneno ya politiki. Fuata kwanza njia ya dola mia moja, kutoka kwa mzazi mpaka ku meza ya mwenye kupokea minervali.

Zamani njia ilikuwa fupi. Mzazi anatuma pesa, mtoto anasimama ku giche, analipa ku konti ya chuo, anapewa karatasi ya banki, anaipeleka kwa komptabli na jina lake linaandikwa. Tangu banki zifungwe, konti iko, lakini giche haiko. Pesa inapita ku telefoni: Airtel Money, M-Pesa, Orange Money. Mzazi wa Shabunda ao wa Kalemie anatuma, mesaji inaingia, hesabu inaonekana vizuri, lakini noti haziko. Paka kuzunguka kutafuta kabini yenye makuta. Na mama mwenye kabini naye anatafuta noti kama watu wote, juu hakuna banki ya kumuongezea. Njo maana anakata kiasi chake, na hicho kiasi kinapanda siku noti zimekuwa chache. Bei iliyoandikwa ku ukuta na kampuni ni ingine. Mwanafunzi anajua, mama anajua, na hakuna anayegombana sana, sababu kesho watahitajiana tena.

Kiisha kuko shida ya noti zenyewe. Banki Kuu ya Kongo haileti franka mpya huku, na zile zilizobaki zinazunguka kutoka soko ya Kadutu mpaka Nyawera, ku mifuko ya samaki na ku mikono ya watu wa pikipiki, mpaka zinapasuka. Noti iliyopasuka, muuzaji anaikataa. Mwanafunzi aliyepewa noti tano za namna ile ku kabini anaweza kuwa na franka ndani ya mfuko na kulala bila kula.

Mwaka 2025 pia dola ilianguka. Mwanzo wa 2025 dola moja ilikuwa inabadilishwa karibu na franka 2.850. Mwezi wa tisa na wa kumi franka ikapata nguvu, dola ikashuka chini ya 2.500. Ku Kinshasa serikali ilifurahia, na ni kweli ya kwamba mfanyakazi anayelipwa kwa franka alipata nafuu. Lakini mwanafunzi wa Bukavu mara nyingi anaishi na dola ya mjomba aliye Lubumbashi, Nairobi ao Ulaya. Tuseme anatumiwa dola 50 kila mwezi. Kwa 2.850 zilikuwa zinampa franka 142.500. Kwa 2.300 zinampa 115.000. Amepoteza franka 27.500 bila kununua kitu, na maharagi ku soko hayakushuka kwa mwendo ule. Yule mwenye kuchagua kati ya fotokopi ya silabusi na sahani ya fufu na sambaza hahitaji profesa wa uchumi kumuelezea hiyo hesabu.

Wale wenye njia wanavuka. Ku mpaka wa Ruzizi ya kwanza, asubuhi, unakuta vijana wenye mkoba wa masomo wanaenda Kamembe, upande wa Rwanda, kutoa pesa kule banki zinafanya kazi, na kurudi mbele mpaka haujafungwa. Hapa kuko jambo linalouma, na wanafunzi wenyewe wanalizungumuza kwa sauti ya chini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mara nyingi ya kwamba Rwanda inasaidia M23. Baraza la Usalama, kwa azimio 2773 la tarehe 21 mwezi wa pili 2025, liliomba Rwanda iache msaada huo na M23 itoke Goma na Bukavu. Kigali inakana. Na kijana aliyesoma lile azimio usiku ku telefoni yake, asubuhi anavuka kwenda kuacha makuta ya komisyo upande ule ule. Si unafiki. Hana giche ingine.

Siku yake inaendelea kama ya wanafunzi wote wa inchi hii. Chai na vitumbula kama vinapatikana, mguu juu pikipiki imekuwa bei, masomo ndani ya sale iliyojaa, kiisha kungojea umeme ili telefoni iamuke. Baileri anauliza mwezi wa nyumba. Asistenti anauliza kazi iliyochapwa ku karatasi, si ku telefoni. Gazeti lake ni WhatsApp: kundi la promosio ambalo asubuhi linatoa saa za masomo na jioni linatoa habari za vita, za kweli na za bongo, zote na alama ya kuhamakisha. Redio inasikilizwa zaidi kuhakikisha ile iliyokwisha kusomwa.

Ndani ya makundi ile kuna mabishano moja ambayo haiishi: nani alifunga banki, na ni vizuri ao ni vibaya?

Kuko wanaoona Kinshasa ilikuwa na haki. Kwao, banki iliyo wazi ndani ya mji ulio mikononi mwa waasi ni sanduku la waasi: kodi itapita pale, na siku moja wenye bunduki wataingia ndani ya kofa. Hilo wazo si la bure. Inchi gani inaweza kupeleka noti zake mahali isipokuwa na polisi wala mahakama yake? Wengine wanajibu ya kwamba huo ni muchezo wa politiki wenye kuangukia mama wa soko na mwanafunzi, si jenerali. Wenye kuongoza mji kwa sasa, AFC/M23, nao walijaribu kuonyesha wanaweza kuishi bila Kinshasa: mwezi wa ine 2025 walifungua CADECO kule Goma. Giche moja bila Banki Kuu nyuma yake haikurudisha mzunguko wa pesa, na mwanafunzi wa Bukavu hakuona faida yake.

Ukipima maneno ya pande zote mbili, ile ya kwanza iko na tundu moja kubwa. Kama nia ni kukata pesa ya vita, lazima kuangalia pesa ya vita inapita wapi. M23 iliingia Rubaya, kule Masisi, mwisho wa mwezi wa ine 2024, na Rubaya peke yake inatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walihesabu ya kwamba kodi ya ile koltani ilikuwa inaingizia kikundi dola 800.000 ao zaidi kwa mwezi. Makuta ile haikusimama ku mustari wa banki ya Bukavu kungojea namba. Ilipita ku barabara, ndani ya mifuko, usiku. Aliyekatiwa njia ni mwalimu wa Kabare anayesomesha watoto watatu na ambaye mshahara wake ulikuwa unapitia banki.

Tundu la upande wa pili ni kubwa vilevile, na wanafunzi wachache wanalisema wazi. Anayelalamika ya kwamba banki zimefungwa ndiye aliyeingia ndani ya mji kwa silaha tarehe 14 na 16 mwezi wa pili. Banki ya Bukavu ilikuwa wazi mbele ya hapo. Mtu hawezi kuvunja mlango, kiisha akauliza mwenye nyumba kwa nini hakubakiza taa.

Kwa nini wachache wanasema? Woga uko, na si wa leo tu. Wazazi wa Kongo wanakumbuka ya kwamba swali la pesa ya mwanafunzi linaweza kugeuka damu: tarehe 4 mwezi wa sita 1969, wanafunzi wa Kinshasa waliandamana juu ya bursi na hali ya maisha, na askari wakawapiga risasi. Toka wakati ule, wazazi wengi wanamwambia mtoto anayeenda ku chuo kusoma na kunyamaza. Bukavu ya leo inampa mtoto sababu zake za kunyamaza. Mabishano yanabaki ndani ya telefoni, na telefoni yenyewe inafutwa mbele ya kupita ku barriere.

Na makubaliano? Mwaka 2025 yalikuwa mingi. Tarehe 27 mwezi wa sita, mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia sahihi Washington. Tarehe 19 mwezi wa saba, Kinshasa na AFC/M23 wakatia sahihi kanuni za mazungumzo kule Doha, na tarehe 15 mwezi wa kumi na moja wakaongeza mpango wenye protokoli munane. Tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili, Raisi Tshisekedi na Raisi Kagame walikuwa mbele ya Donald Trump kutia mukono. Siku chache nyuma, karibu na tarehe 10, M23 ikaingia Uvira.

Hapa ndipo wanafunzi walipoacha kubishana kwa siku mbili tatu. Uvira ilikuwa makao ya muda ya serikali ya jimbo la Kivu ya Kusini tangu Bukavu ianguke. Kwa familia nyingi ilikuwa pia banki ya karibu bila kuvuka Rwanda. Wanafunzi wa Bukavu wenye wazazi kule na ndani ya tambarare ya Ruzizi walikaa wakipiga simu zisizojibiwa. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi, na mpaka wa Burundi ukafungwa. M23 ikatangaza ya kwamba itatoka Uvira kwa ajili ya kupa amani nafasi. Hata ingetoka, mzazi aliyekuwa ndani ya kambi ya wakimbizi hangetuma dola mia.

Njo maana maoni ya wanafunzi juu ya Washington yana baridi kuliko yale ya wanasiasa. Wale wa jeolojia na uchumi wanasoma sehemu ya madini, sababu mpango wa uchumi wa kanda unagusa kazi wanayotarajia kesho, na wanauliza kama koltani ya Kalehe itasafishwa hapa ao itaendelea kupita tu. Wengi wengine wanauliza mambo madogo: uwanja wa ndege wa Kavumu utafunguliwa lini? Mwisho wa 2025, kwenda Kinshasa mwanafunzi alikuwa anapitia Kigali, kwa bei ambayo familia ya kawaida haikuweza. Kule Goma nako uwanja ulikuwa umefungwa. Mkutano wa Paris wa tarehe 30 mwezi wa kumi ulitangaza kuufungua kwa ndege za misaada, na M23 ikakataa.

Kuko swali lingine, lenye kuwatesa walio mwisho wa masomo. Kijana aliyeanza lisansi 2022, ndani ya mfumo wa LMD, alipaswa kumaliza 2025. Chuo chake cha serikali kinasimamiwa na wizara ya elimu ya juu iliyo Kinshasa. Lakini jengo, mlango na usalama wa barabara viko chini ya watu wengine. Diploma ni karatasi yenye sahihi. Mwanafunzi anataka kujua ya kwamba sahihi ile itakubaliwa Lubumbashi, Kisangani, Kampala, na ya kwamba miaka tatu ya deni haitaitwa kesho miaka ya uasi.

Kuna mfano mmoja wenye kuonyesha ya kwamba hilo linaweza kupangwa. Mtihani wa serikali wa 2025 kwa wanafunzi wa sekondari ulifanyika hata ndani ya miji inayoshikwa na M23, na maswali ya Kinshasa. Hakuna upande uliosema umeshindwa juu ya hilo. Wanafunzi wa chuo wanauliza kwa nini namna ileile isitumike kwa diploma zao, na kwa nini isitumike ku banki: giche ya malipo ya shule na mishahara tu, chini ya jicho la mtu wa tatu, bila kodi ya mtu yeyote kupita pale. Protokoli za Doha zinagusa njia ya misaada na kurudi kwa mamlaka ya serikali. Kama giche ya minervali haimo ndani ya moja wapo, inaweza kuwekwa, na wenye kuzungumza Doha wanajua simu za maaskofu, mashirika ya raia na viongozi wa vyuo.

Kwa sasa hesabu inafanywa mtu kwa mtu. Wengine wanamuomba komptabli apokee sehemu ndogo ndogo. Wengine wameenda kuuza mega ao kuendesha pikipiki, na wanasema watarudi. Ndani ya makundi ya promosio majina yao bado yako, na chef de promosio anaendelea kuwatumia saa za masomo kila asubuhi.