Ziada ya Mashine ni ya Nani?



Katika ofisi za miradi ya parokia zetu kuna maneno mawili yanayosemwa kwa sauti ya chini: "Fedha imebaki." Yakishasemwa, mlango hufungwa. Tume ya Haki na Amani haina budi kuugonga mlango huo, kwa sababu nyuma yake yanaamuliwa mambo ya maskini bila maskini wenyewe kuwapo.

Tuchukue mfano tunaoufahamu sote. Mfadhili anatoa ruzuku ya kununua mashine ya kusaga, ili akina mama wasitembee tena mwendo wa saa mbili na debe la mahindi kichwani. Mashine inafungwa, kila debe linalipiwa. Mwisho wa mwezi, baada ya kulipia dizeli, vipuri na mishahara, kuna bakaa. Bakaa hiyo haikutumwa na mfadhili, wala haikutoka katika kapu la sadaka. Imefunguliwa katika pindo la khanga la mama aliyekuja kusaga. Je, ni ya nani?

Wako wanaojibu upesi: "Ni ya parokia, Padre ataona inakohitajika." Jibu hilo nalijua, maana nililitoa mimi mwenyewe nilipokuwa paroko kijana. Kwa bakaa ya mashine ya namna hiyo nilinunua matairi ya gari na kupaka rangi nyumba ya mapadre. Nilijituliza kwamba gari lilibeba wagonjwa, na kweli lilibeba. Mwaka wa tatu injini ya mashine ikafa, na sanduku lilikuwa tupu. Akina mama wakarudi katika njia yao ya zamani, nami nikawapita nikiwa ndani ya gari. Hakuna aliyetia senti mfukoni mwake, lakini maskini walikuwa wamenyang'anywa.

Wako pia wanaosema: "Tuimalize kabla mfadhili hajaja kukagua." Ndipo huzuka semina isiyo na mada, posho zisizo na kazi, na stakabadhi zinazoandikwa usiku. Huo ni uongo, hata ukitendwa na wajumbe wanaosali rozari kila jioni. Lakini tuwe wa haki: uongo huo huzaliwa na hofu, na hofu hiyo ina msingi. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani, kwa mfano, zinatambua njia tatu za kushughulikia mapato yanayotokana na mradi. Yaweza kupunguzwa kutoka katika gharama, hivyo mfadhili akatoa kidogo zaidi. Yaweza kuongezwa juu ya ruzuku ili kazi ile ile ipanuke. Au yaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mchango wa mpokeaji. Ikitumika njia ya kwanza, mradi uliochuma zaidi hupewa pungufu. Kwa wafadhili wetu nasema wazi: mkimkata mwenye bidii kwa sababu ya bidii yake, mnamfundisha kuficha. Na kwa viongozi wetu nasema: swali hili liulizwe kabla ya kutia sahihi mkataba, si siku ya ukaguzi.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 hazikutuacha gizani. Kanuni ya 1267 yasema kwamba kilichotolewa na waamini kwa lengo fulani hutumika kwa lengo hilo tu. Mtu aweza kubisha kwamba bakaa si sadaka, ni matunda ya mradi. Basi asome kanuni ya 1284: mapato ya mali hutumika kufuatana na nia ya aliyeianzisha au kanuni halali, na fedha inayobaki baada ya matumizi, inayoweza kuwekezwa kwa faida, huwekezwa kwa idhini ya Askofu kwa ajili ya malengo ya chombo chenyewe, si kwa matakwa ya msimamizi. Kanuni hiyo hiyo yadai vitabu vya hesabu vilivyotunzwa vizuri na taarifa kila mwisho wa mwaka. Kanuni ya 537 yaamuru kila parokia iwe na kamati ya fedha. Kumbe mlei anayeomba kuona leja si mkaidi. Anamsaidia paroko wake kutimiza wajibu.

Mwaka 2025 ulitufundisha kwa ukali. Tarehe 20 Januari serikali ya Marekani iliamuru kusimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lake la USAID lilikuwa limekoma kuendesha misaada hiyo. Mfadhili huja na huenda. Siku anapoondoka, bakaa iliyotunzwa ndiyo inayoendelea kuwasagia watu. Aliyeila mapema ameula mradi wenyewe.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu huu. Kwanza, itengwe akiba ya kubadili injini. Pili, ada ipunguzwe kwa wajane na wazee wasiojiweza. Tatu, kinachosalia kipanue huduma ile ile, kwa uamuzi wa kikao ambamo akina mama wanaosaga wana viti na kura. Na hesabu zisomwe baada ya Misa, kisha zibandikwe ukutani. Wajane wa Yerusalemu waliposahauliwa katika mgawo, Mitume hawakuwakaripia kwa kunung'unika. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Paulo naye hakubeba peke yake mchango wa maskini, asije akalaumiwa. Sisi ni nani hata tuaminiwe bila mashahidi?

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Katika parokia yetu, ni miradi ipi inayotoza ada, na ni nani anayejua kilichobaki mwaka jana?

2. Mkataba na mfadhili unasema nini juu ya mapato? Nani kati yetu ameusoma?

3. Mashine ikifa kesho, tutatoa wapi fedha ya kuifufua?